Upatanisho Kwanza, Sadaka Baadaye

Mafundisho juu ya Mathayo 5:23-24



Leo tunatafakari mistari miwili tu. Yesu anaeleza juu ya mtu aliyefika madhabahuni na sadaka yake, halafu akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Yesu anamwagiza aiache sadaka palepale, akapatane na ndugu yake, ndipo arudi kuitoa.

Maana yake

Yesu alikuwa akisema na watu wa Galilaya. Madhabahu ya sadaka ilikuwa Yerusalemu, hekaluni, zaidi ya kilomita 100 kutoka kwao. Ni safari ya siku kadhaa kwa miguu, ndefu kuliko kutoka Rutshuru hadi Goma. Ninyi mliotembea na mizigo kichwani na watoto mgongoni mnajua uzito wa safari kama hiyo. Kurudi nyumbani kumtafuta ndugu, kisha kupanda tena Yerusalemu, halikuwa jambo dogo. Wasikilizaji walielewa kwamba hatuwezi kumheshimu Mungu huku tukimpita jirani tuliyemwumiza.

Tuangalie pia nani anayetumwa. Ndugu ndiye mwenye neno. Kwa hiyo anayetakiwa kuondoka ni yule aliyekosa. Mara nyingi tunageuza jambo hili. Aliyeumizwa anasukumwa asamehe haraka, na aliyemwumiza amekaa kwake akingoja. Mama aliyebakwa, au mtoto aliyeuawa baba yake, asilazimishwe kwa mistari hii kwenda kumpa mkono aliyemtendea. Makosa ya namna hiyo yana sheria yake, na kupatana si kuficha uovu.

Kwetu leo

Vita vilifika Goma mwezi wa Januari 2025, na mwezi wa Februari kambi nyingi za kandokando ya mji zilibomolewa. Familia nyingi zilirudi Masisi, Rutshuru na Nyiragongo. Unaporudi, unaweza kukuta shamba lako linalimwa na mtu mwingine, ambaye labda naye alikimbia kwake na kupanda maharagwe kwa sababu watoto walikuwa na njaa.

Anayelima shamba la mwenzake asingoje mwenyewe aje na panga au na barua ya mahakama. Amtangulie. Aseme wazi: "Nililima hapa kwa shida. Tupatane nitavuna lini na nitakurudishia lini." Waite wazee na majirani wanaojua mipaka, waitembee pamoja, waandike walichopatana, kila mmoja abaki na karatasi yake. Mwenye shamba naye, akimwona mwenzake amekuja kwa unyenyekevu, amwache avune alichopanda. Mstari wa 25 unaofuata unashauri kupatana na mshitaki mapema, mkiwa bado njiani. Tunaona hekima yake: kesi ya shamba hula mbuzi wa pande zote mbili kabla ya kukatwa.

Waliopokelewa nao wajiulize. Familia iliyowapa nafasi huenda ina neno: miti iliyokatwa kwa kuni, mihogo iliyong'olewa usiku. Kukimbia vita ni mateso makubwa, lakini mateso hayafuti deni letu kwa jirani.

Na ninyi viongozi, kama jina la mjane liliachwa katika orodha ya msaada, na jina la mtu wa ukoo wenu likaingia mahali pake, kufungua mkutano kwa sala hakutoshi. Nendeni kwanza kwa mjane yule. Rekebisheni orodha mbele ya watu wote. Kisha tusali pamoja.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Ni nani ana neno juu yetu, kama familia au kama kabila, na hatujamwendea?

2. Ni mzee gani au mama gani anayeaminiwa na pande zote anayeweza kutusindikiza?

3. Ni mambo gani hapa kwetu yanaweza kumalizwa kwa mazungumzo, na yapi lazima yapelekwe kwa sheria?

Wapendwa, sadaka inaweza kungoja. Jirani tuliyemkosea huenda kesho akahama tena, na tusijue tumtafute wapi. Tumwendee angali karibu.

Mungu awape amani ninyi na nyumba zenu.