Mfuko wa Mbolea Peke Yake Hautoshi

Kila mvua ya masika inapokaribia, wakulima wa Njoro, Molo, Bahati na Subukia, pamoja na wakazi wengi wa Section 58 mjini Nakuru wenye mashamba nje ya mji, huzungumzia bei ya mbolea. Wana haki. Mwaka 2022 serikali, kwa ruzuku, ilishusha bei ya mfuko wa kilo 50 hadi shilingi 3,500, na mwaka 2023 hadi 2,500. Hata hivyo, ruzuku hiyo haitatufaa ipasavyo tukiendelea kuangamiza kuvu za udongoni, zinazosaidia kuvifikisha virutubisho kwenye mmea.

Udongo wetu mwingi umetokana na majivu ya volkano. Ni udongo mzuri, ila una tabia ya kuikamata fosforasi, kiasi kwamba sehemu kubwa ya tunayonunua haifiki mizizini. Mahindi, ngano, maharagwe na viazi hushirikiana na kuvu za mikoriza: mmea huzipa sukari, nazo hutandaza nyuzi nyembamba kuliko mzizi, zikaifuata fosforasi mahali ambapo mzizi wenyewe haufiki. Nyuzi hizo pia hushikanisha udongo usichukuliwe na mvua. Lakini plau na haro zikipita mara kwa mara huzikata. Fosforasi ikizidi, mmea hupunguza kuzilisha kuvu. Na shamba likipandwa kabeji au sukuma wiki msimu baada ya msimu, kuvu hizo hukosa mwenyeji, maana mimea ya jamii hiyo haishirikiani nazo.

Wapo watakaosema kuvu ni adui, na Njoro penyewe ndipo ngano kutoka nchi nyingi hujaribiwa dhidi ya Ug99, kutu ya shina iliyogunduliwa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990. Ni kweli, ila kutu hiyo hushambulia mmea, ilhali mikoriza huulisha. Wengine watasema bila mbolea hakuna mavuno. Sisemi tuiache, nasema udongo upimwe kwanza, kwa sababu mbolea ya DAP ikirudiwa miaka mingi huongeza tindikali, na huenda shamba linahitaji chokaa zaidi. Nasema pia mabua yabaki shambani baada ya mavuno. Mwenye ng'ombe naye atauliza atayaachaje. Awalishe, bora samadi irudi shambani. Kuyachoma ndiko kusikokuwa na utetezi.

Wala tusikimbilie mbolea za viumbehai za dukani. Watafiti walipozijaribu Kenya, Ethiopia na Nigeria, nyingi hazikuonyesha faida. Ni afadhali kuzitunza kuvu zilizomo tayari: tupunguze kulima, tuchanganye mahindi na maharagwe, na kabeji ikivunwa ifuatiwe na zao jingine. Naisihi serikali ya kaunti ihakikishe kipimo cha udongo kinaandamana na ruzuku, na afisa wa kilimo afike shambani kabla ya mbolea. Hapo ndipo fedha za umma zitakapoonekana kwenye mavuno.