Wa mwisho naye amefika



Leo naomba tuzungumzie mchezo ambao wengi wetu hatuuchezi, na pengine hatujapata kuutazama hata mara moja. Mchezo wenyewe unaitwa triathloni. Ni michezo mitatu iliyofungwa pamoja kama mzigo wa kuni. Mchezaji anaanza kwa kuogelea, akitoka majini anapanda baiskeli, akishuka katika baiskeli anakimbia kwa miguu hadi mwisho. Saa haisimamishwi katikati. Hata muda wa kuvaa viatu unahesabiwa.

Katika Olimpiki, ambako triathloni iliingia mwaka 2000 kule Sydney, washindani huogelea mita 1,500, huendesha baiskeli kilomita 40 na kukimbia kilomita 10. Lakini iko nyingine kali zaidi, iitwayo Ironman, maana yake mtu wa chuma. Hiyo ilianza mwaka 1978 katika visiwa vya Hawaii, ilipoanzishwa na ofisa wa jeshi la majini la Marekani, John Collins. Siku hiyo ya kwanza walianza watu 15, wakamaliza 12. Humo mtu huogelea kilomita 3.8, huendesha baiskeli kilomita 180, halafu hukimbia marathoni nzima ya kilomita 42. Kwa msikilizaji wa Dar es Salaam, ni sawa na kutoka baharini ukiwa umelowa, ukapanda baiskeli mpaka ukaribie Morogoro, kisha ukaambiwa: haya, sasa ndiyo uanze kukimbia.

Utaniuliza, mambo hayo yanatuhusu nini sisi tunaogombania daladala kila asubuhi? Yanatuhusu kwa sababu ya saa 6 ya usiku.

Nitaeleza. Mashindano ya Ironman huanza asubuhi, yapata saa 1, na mtu hupewa saa 17 kuyamaliza. Kwa hiyo mlango hufungwa saa 6 usiku. Mabingwa hufika mchana kweupe, wakapewa zawadi zao, wakaoga, wakala. Lakini usiku unapoingia watu hurudi tena kwenye mstari wa mwisho, wakajipanga pande zote mbili za njia, wakapiga makofi na kuimba. Wanamngoja nani, na mshindi alikwishapatikana? Wanamngoja wa mwisho. Huko nyuma gizani wanakuja watu wa kawaida kabisa: mama wa watoto, karani wa ofisi, mgonjwa aliyenusurika, mzee. Mmoja wao ni mtawa wa Kikatoliki, Madonna Buder, aliyemaliza Ironman ya Kanada mwaka 2012 akiwa na umri wa miaka 82.

Katika watu wa kawaida waliopita katika mstari ule, wako baba na mwana ambao nataka tuwakumbuke leo. Baba ni Dick Hoyt, askari wa jimbo la Massachusetts, Marekani. Mwana ni Rick, aliyezaliwa Januari 1962. Wakati wa kuzaliwa, kitovu kilimzonga shingoni, hewa ikakosekana, ubongo ukadhurika. Rick akapata mtindio wa ubongo. Mikono haikumtii, miguu haikumtii, na maneno hayakutoka kinywani. Madaktari waliwashauri wazazi wampeleke katika nyumba ya kutunzia watu wa namna hiyo, wamwache huko, wao waendelee na maisha. Wazazi wakakataa. Wakamchukua mtoto wao nyumbani.

Mama yake, Judy, aliona kitu ambacho wataalamu hawakukiona: macho ya mtoto yalimfuata kila alikokwenda. Akaanza kumfundisha herufi. Wazazi wakaenda Chuo Kikuu cha Tufts kuomba wahandisi wamtengenezee mtoto chombo cha kuzungumzia. Mwanzoni waliambiwa kwamba ndani ya kichwa kile hamna kitu. Basi wakaomba atolewe hadithi ya kuchekesha. Ikatolewa. Rick akacheka. Mwaka 1972 kompyuta ikapatikana, naye akawa anaandika herufi moja moja kwa kugusa swichi kwa kichwa. Kila mtu nyumbani alingoja kuona neno lake la kwanza litakuwa mama au baba. Kijana akaishangilia Bruins, timu ya Boston ya mpira wa magongo wa kwenye barafu! Kumbe miaka yote hiyo alikuwa shabiki, wala hakuna aliyejua.

Mwaka 1977, Rick akiwa na umri wa miaka 15, alisikia kuna mbio za maili 5 za kumchangia mwanamichezo aliyepooza kwa ajali. Akamwambia baba yake kwamba anataka washiriki. Baba hakuwa mkimbiaji. Umri wake ulikuwa unakaribia miaka 40. Hata hivyo alikisukuma kile kiti cha magurudumu hadi mwisho, wakawa wa pili kutoka nyuma. Usiku ule Rick aliandika kwamba wanapokimbia, yeye huona kama ulemavu wake umeondoka.

Ndugu msikilizaji, mzazi akiambiwa neno kama hilo na mwanawe atafanya nini? Dick alianza mazoezi. Wakati Rick yuko shuleni, baba aliweka mfuko wa saruji ndani ya kiti na kuusukuma barabarani, apate kuzoea uzito. Miaka michache baadaye wakaingia katika Marathoni ya Boston. Baadaye tena akaombwa ashiriki triathloni. Akajibu kwamba atashiriki iwapo atakwenda na mwanawe. Shida ilikuwa moja: hakujua kuogelea, na baiskeli alikuwa hajaipanda tangu utotoni. Akajifunza. Mwaka 1985 wakamaliza triathloni yao ya kwanza. Majini, Dick alijifunga kamba kiunoni akavuta kidau cha mpira alimolala Rick. Nchi kavu alimbeba katika kiti kilichofungwa kwenye baiskeli, kisha akakimbia akimsukuma. Mwaka 1989 wakamaliza ile Ironman ya Hawaii, yote, tangu maji hadi marathoni.

Kwa ujumla walishiriki mashindano zaidi ya 1,000. Marathoni yao ya kasi kuliko zote walitumia saa 2, dakika 40 na sekunde 47, na wakimbiaji wengi wasiosukuma kitu chochote hawajapata kuikaribia. Marathoni ya mwisho ya Boston walikimbia pamoja mwaka 2014. Dick alifariki Machi 2021, akiwa na umri wa miaka 80. Rick naye akamfuata Mei 2023, akiwa na umri wa miaka 61. Mtoto yule aliyeshauriwa aachwe alikuwa amekwishapata shahada ya Chuo Kikuu cha Boston, mwaka 1993.

Huyo ni mmoja. Yuko mwingine wa siku hizi, kijana wa Florida, Chris Nikic, aliyezaliwa na sindromu ya Down. Alipasuliwa moyo akiwa na miezi 5. Alifikisha miaka 4 ndipo akaweza kutembea. Baba yake alimwekea sharti dogo: kila siku uwe bora kwa asilimia 1 kuliko jana. Zoezi la kwanza lilikuwa kujiinua kwa mikono mara moja, na kesho yake mara mbili. Wahenga wetu walisema haba na haba hujaza kibaba, naye kibaba chake kilijaa. Tarehe 7 Novemba 2020, akiwa na umri wa miaka 21, aliingia katika Ironman ya Florida pamoja na mwelekezi wake, Dan Grieb. Njiani alianguka na baiskeli, na siafu wakamuuma miguuni. Alimaliza kwa saa 16, dakika 46 na sekunde 9. Zilikuwa zimebaki dakika zisizotimia 14 kabla ya mlango kufungwa. Akawa mtu wa kwanza duniani mwenye hali hiyo kumaliza Ironman.

Sasa, wasikilizaji, hapa ndipo ninapotaka tusimame kidogo, maana habari kama hizi zina mtego wake. Mtu akizisikia hutikisa kichwa, husema penye nia pana njia, kisha huendelea na chai yake. Na akikutana na mlemavu barabarani anajiambia: huyu naye angekuwa na moyo kama wale, angefika. Hapo tunakuwa tumemgeuzia mlemavu lawama.

Hebu tuhesabu tena vizuri. Dick Hoyt alikuwa na nia, hakuna anayebisha. Lakini Rick alifikaje shuleni? Mwaka 1972 jimbo la Massachusetts lilipitisha sheria ya kutaka shule za umma ziwapokee watoto wenye ulemavu. Judy, yule mama, alikuwa miongoni mwa waliopiga hodi katika milango ya wakubwa kudai haki hiyo. Mwaka 1975, Rick akiwa na umri wa miaka 13, ndipo shule ya umma ilipompokea. Kompyuta ilitengenezwa na wahandisi. Kiti chepesi cha kukimbilia kilitengenezwa na mafundi. Waandaaji wa mbio, ambao mwanzoni walisita, walikubali kubadili desturi zao. Picha zote ni za baba anayekimbia, na mama hatumwoni, lakini njia ile ilisafishwa na mama kabla baba hajavaa viatu. Nia ilikuwapo, na njia ikachongwa na watu wengi.

Tena sitaki kumdanganya mtu kwamba michezo hii ni dawa. Rick alifariki na mtindio wake wa ubongo. Chris Nikic bado ana sindromu ya Down. Baiskeli ya mashindano hayo ina bei ya kutisha, na katika mitaa yetu hata mahali pa kuogelea ni tabu kupapata. Sikuja hapa kuwashauri mkanunue baiskeli.

Nimekuja kwa ajili ya mtoto wa chumba cha ndani. Tunamfahamu sote. Yupo katika mitaa yetu. Mgeni akibisha hodi, mlango wa chumba kile unarudishwa taratibu. Majirani wanajua idadi ya watoto wa nyumba ile, lakini yeye huwa hahesabiwi. Mama yake hambebi kwenda naye sokoni kwa sababu ya macho ya watu, na kondakta wa basi akikiona kiti cha magurudumu anasema gari limejaa. Sheria ya Watu wenye Ulemavu tunayo tangu mwaka 2010. Lakini sheria haiwezi kumbeba mtoto mgongoni, wala kumpisha kwenye siti.

Je, yule mtoto ameshawahi kusimuliwa hadithi ya kuchekesha, tukaangalia kama atacheka? Nauliza kwa dhati. Rick alikaa miaka 10 akisikia kila kitu kilichosemwa mbele yake, pamoja na maneno ya waliomwona kama gogo. Nani ajuaye watoto wetu wanasikia nini, na timu gani wanaishangilia kimoyomoyo wakati sisi tunapiga kelele mbele ya televisheni, Simba na Yanga?

Jumapili hii, ndugu msikilizaji, kama nyumbani kwako au kwa jirani yako yuko mtoto wa namna hiyo, mtoeni nje. Sisemi mkimbie kilomita 42. Msukume hadi mwisho wa mtaa na kurudi. Kama hakuna kiti, mbebe. Watu watatazama, waache watazame. Wiki ijayo watatazama kidogo zaidi ya jana, kwa maana ya kuzoea, na wiki ya tatu mmoja wao atamwita kwa jina. Na sisi majirani tusirudi ndani. Tusimame pembeni mwa njia, tumshangilie, kama wanavyofanya wale wa saa 6 usiku.

Maana fahari ya mchezo ule haiko kwa bingwa peke yake. Iko katika lile kundi la watu linalokataa kwenda kulala mpaka wa mwisho naye amefika.

Kwa leo naishia hapo. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.