Mkonge wa Kingo za Manjano: Namna ya Kuutunza na Kuurithisha

Tunauzungumzia mmea wa ndani ya nyumba ambao huenda hivi sasa umesimama karibu na dirisha lako. Majani yake ni marefu na manene, yamesimama wima mithili ya panga. Katikati yana rangi ya kijani iliyokoza, na kandokando yake umepita mstari wa manjano. Utaukuta katika sebule za Muscat na Dubai, utaukuta London, na utaukuta Minneapolis wakati theluji imejaa nje. Waingereza, kwa utani, huuita ulimi wa mama mkwe, kwa sababu ya ncha yake kali. Wataalamu kwa muda mrefu waliuita Sansevieria trifasciata, hadi mwaka 2017 ulipohamishiwa katika jenasi ya Dracaena. Aina yenye kingo za manjano hujulikana kwa jina la Laurentii.

Wahenga walisema, mtoto wa nyoka ni nyoka. Lakini wengi walioomba kipande cha jani la mmea huu kwa jamaa au jirani, wakakipanda na kukingoja miezi mingi, wameona kikichipua mtoto wa kijani kitupu, asiye na mstari hata mmoja wa manjano. Hudhani kwamba wamekosea udongo, au mbolea, au pengine mkono wao hauna baraka. Sivyo hata kidogo. Sababu imo ndani ya mmea wenyewe, nasi tutaieleza.

Kwanza tuitazame asili yake. Wengi wetu huununua katika maduka ya ughaibuni na kudhani kwamba ni mmea wa huko. Kumbe kwao ni Afrika, katika nchi zinazoanzia Nigeria hadi Kongo. Jina la Laurentii linamkumbuka Émile Laurent, mtaalamu wa mimea wa Ubelgiji aliyekusanya mimea huko Kongo na kufariki dunia mwaka 1904. Afrika Mashariki nako ndugu zake wamejaa. Bonde maarufu la Oldupai, kaskazini mwa Tanzania, limepata jina lake kutokana na neno la Kimaasai la mmojawapo wa ndugu hao, yaani mkonge wa porini. Watu wa pwani nao walikuwa na neno mkonge kwa mimea hii, ambayo nyuzi zake husokotwa kamba, kabla ya mkonge wa mashambani kufika. Huu wa mashambani ni mgeni kutoka Amerika, ulioletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na inasimuliwa kwamba miche 62 tu ndiyo iliyofika Tanga ikiwa hai.

Mmea uliozoea kiangazi una tabia zake. Huu huweka akiba ya maji katika majani na katika shina lake la chini ya udongo. Vitundu vyake vya kupumulia hufunguka zaidi usiku, wakati wa ubaridi, ili maji yasipotee mchana. Kwa hiyo adui yake mkubwa si kiu, bali ni mkono mwepesi wa kumwagilia. Tia kidole ndani ya udongo. Ukikuta unyevunyevu, acha. Katika majira ya joto huenda ukamwagilia mara moja kwa wiki mbili au tatu. Katika baridi ya Ulaya, mara moja kwa mwezi yaweza kutosha. Jani likilegea na kuwa laini karibu na udongo, hiyo ni dalili ya kuoza, na kuongeza maji ni kuongeza maradhi.

Uupande katika chungu chenye matundu chini, kwa udongo uliochanganywa na mchanga mnene au changarawe. Huvumilia kivuli, lakini hukua vizuri zaidi penye mwanga mwingi. Kwa walio Ghuba, jua kali la roshani wakati wa kiangazi laweza kuyababua majani. Kwa walio Uingereza au Marekani, usiuache penye baridi chini ya nyuzi 10 za Selsiasi.

Sasa turejee kwenye kitendawili chetu. Jani la Laurentii limejengwa na chembe hai za aina mbili zinazokaa pamoja. Zile za katikati zina klorofili, yaani rangi ya kijani inayoutengenezea mmea chakula kwa mwanga. Zile za kingoni hazina uwezo wa kuitengeneza, ndiyo maana ni za manjano. Ukikikata kipande cha jani na kukipanda, mche mpya huchipua kutoka katika chembe za kijani peke yake. Mpangilio ule wa aina mbili hubaki nyuma. Mche utakuwa mzima na wenye nguvu, lakini wa kijani.

Basi anayetaka kuurithisha mstari wa manjano hana budi kugawa mmea wenyewe. Utoe chunguni, ukung'ute udongo, nawe utaliona shina linalotambaa chini, linafanana kidogo na tangawizi. Chagua chipukizi lenye kingo za manjano na mizizi yake, likate kwa kisu safi, uliache siku moja au mbili hadi kidonda kikauke, kisha ulipande. Na chipukizi la kijani kitupu likitokea katika chungu chako, liondoe mapema, kwani lina chakula kingi zaidi na laweza kuwashinda wenzake.

Tahadhari mbili kabla hatujaagana. Majani haya yana sumu kiasi, hivyo yawe mbali na watoto wadogo, paka na mbwa. Na ukisafiri, usiutie mche ndani ya sanduku. Nchi nyingi hudai hati ya afya ya mimea, na usiokuwa nayo huweza kutwaliwa uwanja wa ndege.

Kwa hiyo, msikilizaji, mwanao akihamia nyumba yake na kukuomba sehemu ya mmea uliokua naye, usimkatie jani kwa haraka. Ngoja chipukizi likomae, umpe pamoja na mzizi wake. Hapo ndipo atakapoupata ule ule anaoukumbuka.

Hadi mazungumzo mengine, kwaheri ya kuonana.