Kukadiria Mparuzo wa Shingo za Krenki Kabla ya Kuzisaga: Mada kwa Mafundi wa Mapendo, Goma



Krenki ya lori iliyolika si lazima itupwe. Shingo zake husagwa kwa jiwe hadi saizi inayofuata, mara nyingi pungufu kwa milimita 0.25, kisha hufungwa beringi nene zaidi. Kipenyo tunakipima kwa maikromita, lakini uso wengi wetu tunaupapasa kwa ukucha, na ukucha hautoi namba. Namba inayotumika ni Ra: wastani wa umbali wa vilima na mabonde ya uso kutoka mstari wa kati. Katika mada hii tuchukue kikomo cha maikroni 0.4.

1. Modeli

Mwaka 1974, watafiti Snoeys, Peters na Decneut wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha umuhimu wa unene wa chembe inayokatwa: h = a × v ÷ V. Hapo a ni kina cha kusaga, v ni kasi ya uso wa krenki, na V ni kasi ya uso wa jiwe. Mparuzo hufuata kanuni hii: Ra = K × h^x, ambapo K na x ni namba za kupimwa kwa kila aina ya kazi, na x kwa kawaida huwa kati ya 0.15 na 0.6.

2. Mfano

Jiwe la kipenyo cha milimita 750 linatoa Ra ya 0.38. Likishalika hadi 600, kwa mizunguko ileile, V imepungua kwa 20% na h imepanda kwa 25%. Kwa x ya 0.4, Ra inafika karibu 0.42. Mashine haijaguswa, na kazi imeshavuka kikomo. Dawa ni kupunguza kina cha mkato wa mwisho kwa moja ya tano; h inarudi pale pale.

3. Mipaka ya modeli

K hubeba ukubwa wa punje za jiwe, aina ya chuma, maji ya kupozea na namna jiwe lilivyochongwa kwa almasi. Almasi ikipitishwa haraka, jiwe hukata vizuri lakini huacha uso wenye mparuzo mkubwa. Kwa hiyo K ya kitabuni haitufai.

Tena, Goma imejengwa juu ya lava ya Nyiragongo, iliyoingia mjini Januari 2002. Vumbi la mawe hayo likiingia kwenye tangi la maji, punje moja huchora mfuo mrefu shingoni. Ra, kwa kuwa ni wastani, huuficha, lakini beringi haiusamehe. Ndiyo maana Rz, inayopima kutoka kilele hadi bonde, isomwe pia.

4. Mapendekezo

- Saga krenki mbovu kwa vina vitatu tofauti, pima Ra, uchore Ra dhidi ya h kwenye karatasi yenye logi pande zote mbili: mwinamo wa mstari ndio x yako, na K hupatikana hapo hapo.
- Andika kipenyo cha jiwe kila linapochongwa.
- Funika tangi, chuja maji.
- Karakana jirani zichangie kipima mparuzo kimoja cha mkononi. Kazi yake ni ya dakika chache, kinaweza kuzunguka mtaa mzima.