Askari wa Mwili Wanapokosea: Mazungumzo Kuhusu Pumu

Leo tunazungumza juu ya pumu, na tutajibu swali moja ambalo kina mama wengi huuliza: "Mtoto wangu akivuta dawa anapata nafuu. Mbona ugonjwa unarudi?"

Ili tulijibu swali hilo, inatubidi tuchungulie ndani ya kifua cha mtoto tuone kinachotendeka humo.

Tuanze na mfano. Chukua mtoto wa miaka 7 anayeishi Kitengela. Likizo ya Desemba anapanda matatu na mama yake kwenda kumwona nyanya upande wa Bissil. Mchana kutwa anacheza na binamu zake, wanarukaruka juu ya godoro kuukuu na blanketi zenye vumbi. Jioni anakula vizuri, yu mzima. Lakini usiku wa manane mama anaamshwa na kikohozi. Kifua cha mtoto kinalia kama filimbi. Ameketi kitandani, mabega juu, anaitafuta pumzi. Mmoja anasema, "Ni baridi ya usiku." Mwingine anasema, "Amekula kitu kibaya." Je, ni nini hasa?

Mama mpendwa, bila shaka umewahi kusikia habari za askari wa mwili. Tulifundishwa juu yao katika masomo ya UKIMWI: ni seli nyeupe za damu, zinazotulinda na viini vya magonjwa. Virusi vya UKIMWI huwashambulia askari hao mpaka wakapungua. Katika pumu mambo ni tofauti. Askari wapo wa kutosha, tena wana bidii kupita kiasi, lakini wamemdhania mgeni kuwa adui.

Mgeni huyo ni nani? Ni vumbi lenye wadudu wadogo mno, wanaoishi ndani ya magodoro na blanketi. Ni uchafu wa mende. Ni magamba ya ngozi ya paka au mnyama mwingine. Ni chavua, ule unga wa maua. Watoto wengi huvuta vitu hivi kila siku wasidhurike. Lakini mwili wa mtoto mwenye pumu ya namna hii umekwisha kutoa amri kwamba vikija vipigwe. Umetengeneza kingamwili maalumu ziitwazo IgE, nazo zimejishikiza juu ya walinzi waliopangwa kando ya mirija ya hewa. Walinzi hao huitwa seli za masti.

Siku vumbi hilo likija tena, walinzi humwaga histamini na kemikali nyingine kwa dakika chache tu. Misuli inayozunguka mirija hukaza, na njia ya hewa huwa nyembamba. Hilo ni shambulio la kwanza. Mara nyingine huwa dogo, hata mama asilitambue.

Halafu kuna shambulio la pili, nalo huja polepole, kama saa 4 hadi 8 baadaye. Wale wa kwanza wameita wenzao, na sasa askari wengine wanafika kwa njia ya damu. Wengi wao huitwa eosinofili. Moja ya kazi zao ni kusaidia kupigana na minyoo, kwa hiyo silaha zao ni kali. Wakifika mapafuni wasikute mnyoo wowote, humwaga silaha hizo juu ya ngozi laini ya ndani ya mirija. Ngozi inavimba, inachubuka, na kohozi zito linaziba njia. Ndiyo maana mtoto aliyecheza mchana akashikwa usiku. Baridi na moshi wa kuni ni kama kukwaruza mahali palipokwisha kuvimba.

Sasa shika neno hili, maana ndilo kiini cha mazungumzo ya leo. Shambulio likiisha, askari hawaondoki mara moja. Mtoto anaweza kuwa anakimbia nje na kucheka, kumbe ndani mirija bado imevimba. Ndiyo maana kuna dawa za aina mbili.

Ya kwanza ni ya kufungua njia, kama salbutamol. Mara nyingi inhela yake ni ya rangi ya bluu. Hulegeza misuli kwa dakika chache na kumwokoa mtoto. Lakini haiwagusi wale askari. Baada ya saa 4 hadi 6 nguvu yake imekwisha, na uvimbe uko palepale.

Ya pili ni ya kuzuia, kama beclometasone au budesonide. Hii ndiyo inayowatuliza askari na kupunguza uvimbe. Haileti nafuu papo hapo. Huhitaji siku na hata majuma. Kwa hiyo mtoto aliyeandikiwa kuitumia kila siku huivuta hata siku ambazo hana kikohozi. Akimaliza, asukutue kinywa kwa maji na kuyatema. Usiache dawa hii kwa sababu mtoto amepona machoni pako. Muulize daktari kwanza. Tena soma jina la dawa, usitegemee rangi peke yake.

Tangu 2019, mwongozo wa kimataifa wa pumu uitwao GINA hauwashauri tena watu wazima na vijana wa miaka 12 na zaidi kutegemea dawa ya kufungua peke yake. Kwa mtoto wako, chukua kipimo hiki: akihitaji dawa ya kufungua zaidi ya mara 2 kwa wiki, au akiamka usiku kwa kikohozi, mrudishe kliniki. Hao ni askari ambao bado hawajatulia.

Wengine husema dawa ya kuvuta humzoesha mtoto, asiweze tena kuishi bila hiyo. Sivyo. Haina ulevi. Kinachomrudisha mtoto kwenye dawa ni uvimbe usiotibiwa. Tena dawa ya kuvuta huenda moja kwa moja mapafuni, kwa hiyo kiasi kidogo hutosha.

Mtoto mdogo hawezi kuvuta vizuri bila chombo cha kupitishia dawa. Ukikosa pesa za kukinunua, usikate tamaa. Mwaka wa 1999 madaktari wa Cape Town walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa kitakoni ili mdomo wa inhela uingie kikamilifu, ilisaidia watoto walioshikwa na pumu sawa na chombo cha dukani. Mwombe muuguzi akuonyeshe jinsi ya kuitengeneza.

Na nyumbani je? Utafiti uliochapishwa mwaka wa 1998 uliwapima watoto wa shule wa Nairobi na wa Murang'a baada ya kukimbia. Wa mjini waliobanwa kifua walikuwa wengi kuliko wa mashambani. Kitengela nayo imekuwa mji, ina malori, ujenzi na vumbi kila kona. Hatuwezi kulizuia vumbi lote, lakini tunaweza kufagia kwa kunyunyiza maji mtoto akiwa nje, kufua blanketi kwa maji moto na kuzianika juani, kutopikia kwa kuni au makaa chumba anacholala, na kukataza sigara ndani ya nyumba. Mafua nayo huamsha pumu mara nyingi kwa watoto, hivyo mtoto akianza mafua weka dawa karibu.

Kumbuka pia kwamba si kila kikohozi ni pumu. Nimonia na kifua kikuu hukohoza vilevile. Mpeleke mtoto apimwe.

Mwisho, dalili za hatari. Mtoto akishindwa kusema au kunywa kwa kukosa pumzi, mbavu zikididimia anapovuta hewa, midomo ikibadilika rangi kuwa ya bluu au kijivu, au akilegea na kusinzia, usingoje kupambazuke. Kifua kilichokuwa kikilia kikinyamaza ghafla huku mtoto akizidi kuchoka, hiyo si nafuu: hewa haipiti. Mketishe wima, mpe dawa ya kufungua kama ulivyoelekezwa, pumzi moja baada ya nyingine, na uendelee kumpa mkiwa njiani kwenda hospitali.

Basi mama, tukumbushane kabla hatujaagana. Dawa ya kufungua humwokoa mtoto usiku wa leo. Dawa ya kuzuia huwatuliza askari ili usiku kama huo usirudi. Leo jioni, kabla hamjalala, zitazame dawa za mtoto wako na ujiulize: je, ninazo zote mbili? Kama unayo ya kufungua peke yake, kesho ichukue uende nayo kliniki ukaulize. Kwaherini, na mlale salama.