OILI CHAFU INA MWENYEWE

Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mafundi wa magari, wenye gereji na wanunuzi wa oili chafu, Mafiga, mjini Morogoro.



Nimeombwa nizungumze juu ya namna ya kuhifadhi oili chafu pasipo kudhuru watu wala mazingira. Naomba mnivumilie nianze na jambo ambalo kila mkazi wa Morogoro analijua, na ambalo wengi wetu tungependa kulisahau.

Asubuhi ya tarehe 10 Agosti, 2019, lori la petroli lilipinduka Msamvu, si mbali na hapa tulipokaa. Watu walikimbilia kuchota mafuta yaliyokuwa yakimwagika, na moto ukawakuta papo hapo. Zaidi ya watu 100 walipoteza maisha, wengine pale pale barabarani, wengine hospitalini katika siku zilizofuata. Taifa zima liliomboleza kwa siku tatu. Majirani zetu wa Kenya walikuwa wamekwisha kuyaona hayo kabla yetu. Tarehe 31 Januari, 2009 lori lilianguka Sachangwan, na watu zaidi ya 100 wakafa wakichota. Tarehe 12 Septemba, 2011, katika mtaa wa Sinai mjini Nairobi, petroli iliyovuja kutoka katika bomba ilipita mtaroni mpaka katikati ya vibanda vya watu, ikawaka, na wapatao 100 wakateketea.

Ukiyatazama maafa hayo matatu kwa makini utaona kwamba yana jambo moja linalofanana. Mafuta yalikuwa yametoka katika chombo chake, na mara yalipotoka yakahesabika kuwa ya bure, mali isiyo na mwenyewe. Hapo ndipo kifo kilipoingia. Ndugu zangu, oili chafu ni mafuta ambayo hutoka mikononi mwa mwenyewe kila siku, kidogo kidogo, bila kelele wala ving'ora. Ndiyo maana tumeizoea.

Tuchukue mfano wa gereji moja ya wastani. Ikibadilisha oili ya magari kumi kwa siku, na kila gari likatoa lita nne, hizo ni lita 40. Kwa siku tano pipa la lita 200 limejaa. Kwa siku 300 za kazi gereji hiyo moja imetoa lita 12,000. Je, ni wangapi kati yetu wanaoweza kueleza lita 12,000 za mwaka jana zilikwenda wapi? Baadhi zilipakwa kwenye nguzo na mbao kuzuia mchwa. Baadhi zilimwagwa uani kutuliza vumbi. Baadhi zilichukuliwa na mtu mwenye gari, aliyelipa fedha taslimu na kuondoka. Zilizobaki ziliingia mtaroni mvua iliponyesha.

Mtaro huo unakwenda wapi? Hapa Mafiga pana mtambo wa kusafishia maji yanayotoka katika Bwawa la Mindu, ambayo ni sehemu kubwa ya maji ya mji huu. Barabara kuu ya kwenda Iringa inapita jirani kabisa na bwawa hilo. Dereva anayelala chini ya lori lake kando ya barabara hiyo na kufungua oili ardhini, anaifungua juu ya birika letu sote. Na oili tunayoimwaga huku mjini, kwa kuwa maji hayapandi mlima, hushuka hadi Mto Ngerengere, ambao kandokando yake wako wakulima wa mboga wanaolisha masoko yetu. Ngerengere nao humwaga maji yake katika Mto Ruvu, na Ruvu ndio unaonywesha Dar es Salaam. Milima ya Uluguru hutupatia maji safi kutoka juu. Aibu iliyoje kama sisi ndio wa kwanza kuyatia uchafu yanapofika bondeni.

Wataalamu wa mazingira wa Marekani wamekuwa wakiwaonya wananchi wao kwamba oili ya badiliko moja tu la gari yaweza kuharibu galoni milioni moja za maji yasiyo na chumvi. Oili haichanganyiki na maji. Hutanda juu yake kama ngozi, ikazuia hewa kuwafikia samaki na viumbe wengine. Zaidi ya hayo, oili iliyokwisha tumika si ile iliyotoka dukani. Inapochemka ndani ya injini hujikusanyia masizi, chembe za metali zilizosagika, na kemikali ambazo baadhi yake zimethibitishwa kwamba husababisha saratani. Kwa hiyo fundi anayeshinda mikono yake imelowa oili chafu, kisha akala chakula bila kunawa kwa sabuni, anajidhuru mwenyewe kabla hajamdhuru jirani.

Sasa nije kwenye moto. Nimesikia mara nyingi mafundi wakisema kwamba oili chafu haiwaki upesi kama petroli. Hilo ni kweli, na ndilo linalotudanganya. Katika pipa la gereji, oili haikai peke yake. Fundi huosha vipuri kwa petroli, kisha petroli ile huimimina katika pipa lile lile. Tangu saa hiyo pipa limegeuka. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini, ukafika penye jiko la mkaa la mama lishe, ukapata cheche. Wala pipa tupu si salama. Pipa linaloonekana tupu limejaa mvuke, na anayelikata kwa gesi ili apate bati anaweza kulipuka nalo. Vivyo hivyo matangi makubwa: kuingia ndani kusafisha bila kupima hewa, na bila mwenzako kusimama nje na kamba, ni kujitafutia kaburi. Na mara nyingi anayemfuata mwenzake ili amwokoe hufa naye.

Ndugu wananchi, tufanye nini basi? Jina la kata yetu linanikumbusha mawe matatu ya kupikia. Chungu kikikaa juu ya mafiga mawili humwaga chakula chote. Uhifadhi wa oili chafu nao una mafiga yake matatu.

Figa la kwanza ni ukuta. Pipa au tangi lolote la oili chafu halina budi kusimama juu ya sakafu ya saruji, chini ya paa, ndani ya ukuta mfupi usio na tundu. Ukuta huo uwe na nafasi ya kupokea oili yote ya tangi kubwa kuliko yote lililomo, pamoja na sehemu moja ya kumi zaidi. Tangi la lita 5,000 lihitaji ukuta unaozuia lita 5,500. Paa ni la lazima, maana bila paa mvua za masika zitaujaza ukuta maji, na siku tangi litakapopasuka oili itapita juu na kwenda zake. Ndani ya uzio huo pasiwe na mtaro unaotoka nje. Mchanga na maranda ya mbao viwe karibu, vya kunywesha oili iliyomwagika; navyo vikishalowa visitupwe jalalani, bali vihifadhiwe pamoja na taka nyingine za hatari. Mitungi ya povu au ya unga wa kuzimia moto itundikwe mahali panapofikika, kwa kuwa ukimwagia maji mafuta yanayowaka utayatawanya na kuukuza moto. Kuchomelea, kuvuta sigara na kupika kuwe mbali. Moto ukitokea, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lipigiwe simu mara moja kwa namba 114, pasisubiriwe mpaka watu wachoke kujaribu.

Figa la pili ni daftari. Wengi hulidharau, nami naliona kuwa ndilo zito kuliko yote. Kila lita inayoingia iandikwe, na kila lita inayotoka iandikwe: tarehe, kiasi, jina la aliyechukua, namba ya gari lake, kibali chake, na mahali anapoipeleka. Mwisho wa mwezi hesabu zilingane. Zisipolingana, ama tangi linavuja, ama mtu anaiba, na yote mawili ni hatari. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni zake za taka hatarishi zinadai kwamba taka za namna hii zishughulikiwe kwa kibali. Daftari ndilo litakalomwonyesha mkaguzi, na kutuonyesha sisi wenyewe, kama tunaitii sheria hiyo au tunaisoma tu.

Kwa nini nasisitiza daftari? Katika mji mdogo wa Times Beach, jimbo la Missouri, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970 mfanyabiashara wa oili chafu alilipwa ainyunyize katika barabara za vumbi. Ilikuwa kazi ya kawaida, kama ile tunayoifanya sisi nyuani. Lakini mtu huyo alikuwa amechukua pia taka za kiwanda kimoja cha kemikali, zenye sumu kali iitwayo dioksini, akazichanganya na oili yake. Farasi walikufa katika mazizi aliyokwisha nyunyizia. Watu wa Times Beach walikaa juu ya sumu hiyo kwa miaka, mpaka mwishoni mwa 1982 udongo wao ulipopimwa. Mwaka 1983 serikali ya Marekani ikaamua kuununua mji mzima, na wakazi wapatao 2,000 wakahamishwa. Leo mji huo haupo. Nchi tajiri, yenye maabara na wataalamu kila kona, ilipoteza mji kwa sababu hakuna aliyeuliza ndani ya lile tangi kumewekwa nini na kumetoka wapi.

Figa la tatu ni mtu. Kila mahali penye oili chafu pawe na mtu mmoja anayejulikana kwa jina, mwenye ufunguo na daftari, na mwenye madaraka ya kumkatalia hata tajiri wake kuchanganya petroli na oili. Kazi ya wote si kazi ya mtu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imemtwika mwajiri wajibu wa kumlinda mfanyakazi wake. Basi mwajiri anunue glovu na sabuni kabla hajanunua spana nyingine.

Najua wako watakaosema: haya ni maneno ya kampuni kubwa, sisi ni mafundi wa chini ya mwembe. Sikubaliani nao. Daftari halizidi bei ya soda chache. Funeli na mfuniko wa pipa havimfilisi mtu. Kutenga pipa la oili na dumu la petroli hakugharimu chochote ila nidhamu. Ukuta na paa vina gharama, hilo ni kweli, lakini gereji kumi za mtaa mmoja zikishirikiana zinaweza kujenga kimoja na kumweka mlinzi mmoja. Kilichokuwa kigumu kwa fundi mmoja hakitawashinda kumi. Nao viongozi wetu wa Manispaa wasingoje kuja na faini tu. Watuonyeshe kiwanja, watupatie mafunzo, na wawasajili wanunuzi halali ili tuwajue.

Ndugu Mwenyekiti, naomba tusiachane hapa na makofi matupu. Kabla ya Jumamosi ijayo kila mwenye gereji afungue daftari, aandike lita alizonazo leo, na jina la mtu atakayewajibika. Huo utakuwa mwanzo. Wale waliokufa Msamvu waliyakimbilia mafuta waliyodhani hayana mwenyewe. Sisi tunajua haya ya kwetu ni ya nani. Tukubali kuwa ni yetu mpaka siku yatakapofika mikononi mwa mtu tunayeweza kumtaja.