Mvuvi ndiye mlinzi: somo la kisiwa cha Chumbe
(Maneno tuliyotoa kwenye mkutano wa wanachama)



Kwenye mkutano uliopita mlituuliza: tukifunga kipande cha ufuo ili samaki wazae, watoto watakula nini? Swali ni la haki. Leo tunaleta mfano wa Zanzibar, katika nchi ileile ambayo wengi wenu mliishi ukimbizini.

Karibu na mji wa Zanzibar kuko kisiwa kidogo, Chumbe. Pembeni yake, chini ya maji, kuko matumbawe. Ukiyaona utasema ni mawe, kumbe yamejengwa na wanyama wadogo sana. Samaki wanajificha humo, wanakula humo, kama samaki wetu wa ziwani wanavyojificha kwenye mawe ya ufuo. Mwaka 1994 serikali ya Zanzibar ilikataza kuvua pale, na ulinzi ukapewa kampuni ya binafsi, Chumbe Island Coral Park.

Sasa, nani alilinda? Hawakuleta askari wenye bunduki. Walichukua wavuvi wa vijiji vya karibu, wakawafundisha, wakawapa mshahara. Mtu akivuka mpaka, mlinzi anamwendea, anamweleza, anaandika kwenye daftari. Ni mvuvi anaongea na mvuvi mwenzake.

Mshahara unatoka wapi? Kwa wageni. Kuko nyumba 7 tu za kulala, zenye maji ya mvua na umeme wa jua. Wageni wakiwa wachache, matumbawe hayaharibiki. Mgeni anaogelea juu, anatazama, hagusi. Pesa yake inalipa walinzi, inasaidia utafiti, tena inapeleka watoto wa masomo kisiwani. Wanavaa miwani ya maji, na wengi wanaona mara ya kwanza kilicho chini ya bahari waliyokulia kando yake. Watafiti wamehesabu pale aina zaidi ya 400 za samaki. Na samaki hawajui mpaka: wakiongezeka ndani, wengine wanatoka nje, wavuvi wanawapata.

Lakini tuseme ukweli. Mwaka 2020 korona iliposimamisha ndege, wageni walikatika, na pesa yao pia. Tena kwetu watalii hawako. Hatutawadanganya kwamba watakuja kesho.

Kwa hiyo hatuombi hoteli. Tunachukua mambo matatu. Kwanza, wavuvi wenyewe wachague kipande kidogo chenye mawe, si ufuo mzima. Pili, walinzi watoke kwa wale watakaopoteza mahali pa kuvulia, na malipo yao yapatikane kabla ya kibao cha katazo kusimamishwa. Tatu, watoto wa masomo waandike kila wiki samaki wanaoshushwa, ili baada ya mwaka tusibishane kwa maneno matupu.

Wafadhili, msitupe pesa ya fulana na vibao peke yake. Tunaomba ile ya kuvusha familia za wavuvi miezi ya mwanzo, samaki wakiwa bado hawajaongezeka. Wanachama, sanduku letu la kusaidiana lichangie pia, hata kidogo, sababu mradi wa wafadhili una tarehe ya mwisho.

Kama wavuvi wa ufuo ule hawatakubali, basi tusifunge. Tukifunga kwa nguvu, usiku nyavu zitaingia tu, na tutakuwa tumegombanisha majirani bure.

Sasa tunataka kusikia wavuvi kwanza.